Simbilisi anatoka udenda na jicho linatokeza: je, skani ya CT ni lazima?

Swali: Daktari, tunaishi Leicester, Uingereza. Binti yangu ana simbilisi dume wa miaka minne. Siku hizi anachagua chakula: anakimbilia nyasi kavu, anazitia mdomoni, halafu anaziacha. Kidevu kimelowa udenda muda wote. Alikuwa na gramu 1,050, sasa ana 870. Amepunguzwa meno mara mbili ndani ya wiki sita. Kila mara anapata nafuu siku chache, kisha yanarudi yale yale. Alipigwa eksirei moja ya kichwa kutoka ubavuni, tukaambiwa haionyeshi kitu cha wazi. Sasa daktari anataka apigwe skani ya CT. Mume wangu anasema, "CT ya panya? Hata mama yangu kule Tanga hajawahi kupigwa." Je, ni lazima, au tunaliwa hela tu? Jambo jingine dogo, sijui kama linahusika: jicho la kulia naliona kama limekuwa kubwa kuliko la kushoto, na linatoa machozi.

Jibu: Dada, nianze na hilo ulilolitaja mwishoni kama mtu anayeomba radhi. Jicho. Ungeniandikia udenda na kukonda peke yake, ningekujibu kwa mistari kumi: arudi kwa daktari, alazwe kwa dawa ya usingizi, kinywa kikaguliwe vizuri, basi. Lakini udenda, uzito unaoporomoka, meno yanayosumbua tena muda mfupi baada ya kupunguzwa, na jicho la upande mmoja linalotokeza na kutoa machozi, vikikutana vyote kwa mnyama mmoja, vinanipeleka mahali pamoja: kwenye mashina ya magego ya juu, upande wa kulia, nyuma ya jicho. Sijamshika mnyama wenu, kwa hiyo sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hapo ndipo pa kutazama, na eksirei moja ya ubavuni haipafikii.

Mumeo naye usimcheke. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Njombe, simbilisi wanakimbia jikoni wakila majani yanayoanguka kwenye ungo, na asiyekula vizuri huishia chunguni kabla meno yake hayajawa habari. Kule Kivu ni hivyo hivyo, ni mfugo wa kitoweo. Anayekaa ndani ya nyumba miaka minne, mitano, sita, ndiye anayepata muda wa kuugua meno. Na wanaugua kweli. Utafiti uliotoka Brno, Jamhuri ya Czech, mwaka 2015, uliopitia majalada ya simbilisi 1,000 wa kufugwa majumbani, ulikuta zaidi ya theluthi moja wana matatizo ya meno. Hakuna ugonjwa mwingine uliowashinda kwa wingi.

Ili ujue unalipia nini, lazima nikueleze meno yenyewe.

Simbilisi ana meno 20. Manne ni ya mbele, mawili juu na mawili chini, haya kila mtu anayaona. Magego ni 16, manne kila upande wa kila taya, na haya karibu hakuna anayeyaona, kwa sababu mdomo wake ni mwembamba na mashavu yanajikunja ndani kama pazia. Yote 20 yanakua tangu anazaliwa mpaka anakufa. Hayana mizizi kama yetu. Shina lake liko wazi ndani ya mfupa na linatengeneza jino kutoka chini, kama ukucha unavyosukumwa. Babu zao wa milima ya Andes walitafuna nyasi ngumu saa nyingi kwa siku. Juu jino linalika, chini linamea, na hesabu inalingana.

Wagugunaji wote, yaani wanyama wa jamii ya panya, si hivi, na hapo hata wenye mafunzo wanateleza. Panya weupe na hamsta wana meno 16, na yanayokua maisha yote ni manne ya mbele tu. Magego yao yana mizizi na yametulia. Hata panya buku wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini wako kundi hilo. Wanaofanana na simbilisi ni chinchila na degu. Sungura si mgugunaji kabisa, ana meno 28 na hesabu zake mwenyewe. Ukisoma ushauri wa meno mtandaoni, angalia kwanza umeandikwa kwa mnyama gani.

Sasa hesabu isipolingana. Jino lisilolika hurefuka pande mbili, na watu wengi, pamoja na madaktari wasiozoea wanyama hawa, wanafikiria upande mmoja tu.

Upande wa kwanza ni kinywani. Magego ya chini ya simbilisi yameinamia ndani. Uso wake wa kusagia umelala mshazari, nyuzi kama 30 hivi. Yakirefuka, ya kulia na ya kushoto yanaegemeana juu ya ulimi kama kenchi za paa. Ulimi unabanwa chini yake, mnyama anashindwa kusukuma chakula nyuma na kumeza, mate yanamwagika. Huo ndio udenda. Magego ya juu yenyewe yanaelekea nje na kuchoma shavu. Nadhani hiki ndicho daktari wenu amekuwa akikipunguza. Ila muulize: alipunguza magego, au meno ya mbele? Mara nyingi meno ya mbele yanarefuka kwa sababu magego yamezuia taya kufunga. Ukiyakata ya mbele peke yake umekata matawi, chanzo umekiacha. Na kama aliyakata kwa koleo badala ya kuyasaga kwa mashine, aache. Koleo linapasua jino mpaka ndani.

Upande wa pili ni mfupani, na huo ndio wenye jicho. Taji la jino, yaani sehemu inayoonekana kinywani, la juu likigongana na la chini na hakuna nafasi iliyobaki, msukumo wa ukuaji hauna pa kwenda ila kurudi nyuma. Shina linajichimbia ndani ya taya. Kwa magego ya chini utaweza hata kuligundua mwenyewe: pitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa chini wa taya, kutoka kidevuni kwenda nyuma. Panapaswa kuwa laini na kufanana pande zote mbili. Ukikuta vinundu vigumu kama punje za mahindi, ni mashina yanayosukuma mfupa. Kwa magego ya juu huwezi kupapasa, maana yanapanda kuelekea kwenye tundu la jicho. Kule nafasi ni finyu mno. Jicho linasukumwa mbele, mfereji wa machozi unabanwa, machozi yanamwagikia nje. Mfupa ukitoboka na vijidudu vikaingia, jipu linajijenga nyuma ya jicho. Na kusaga taji kinywani hakuligusi hilo hata kidogo. Ndiyo maana nafuu yake ni ya siku chache.

Ingawa, dada, nikuonye mapema: mara nyingine meno ni mashahidi tu. Simbilisi akiacha kula kwa maumivu mengine, hasagi kitu, na meno yasiyosaga yanarefuka upesi. Niliwahi kumpokea mmoja aliyepunguzwa meno mara tatu kwingineko, kumbe ana jiwe kwenye kibofu. Kila alipokojoa aliumia, kila alipoumia hakula. Kwa wenu, jicho linanielekeza kichwani, lakini kama atapigwa skani, omba mashine isiishie shingoni. Kufika tumboni ni sekunde chache zaidi.

Kwa nini eksirei ilinyamaza? Kwa sababu eksirei ni kivuli. Weka viganja viwili pamoja mbele ya taa, utazame ukutani: utaona kiganja kimoja. Eksirei ya ubavuni inalaza taya la kulia juu ya la kushoto, magego manane ya juu yanakuwa manne, na shina lililopotoka linajificha nyuma ya lililo sawa. Si kwamba eksirei haina kazi. Ikipigwa kwa ukamilifu, mnyama akiwa amelala, huwa ni picha tano angalau: ubavu, mishazari miwili, juu kwenda chini, na moja ya mbele kwenda nyuma. Mwaka 2009 Estella Böhmer wa Ujerumani na David Crossley wa Uingereza walitoa utaratibu wa kuchora mistari juu ya eksirei za sungura, simbilisi na chinchila, kutoka alama moja ya fuvu hadi nyingine, na kuona jino lipi limevuka mpaka. Ni kitu rahisi na kizuri sana; natumia mpaka leo. Wenu alipigwa picha moja kati ya tano. Unayo haki ya kuuliza hizo nne zilikwenda wapi.

Skani ya CT inafanya kazi nyingine kabisa. Fikiria mkate wa boflo: kwa nje huoni kama ndani kuna kokoto. Ukiukata vipande vyembamba na kuvipanga mezani, kokoto haina pa kujificha. Mashine inazungusha miale kuzunguka kichwa, inapima kiasi kilichozuiwa kila upande, kisha kompyuta inakokotoa kila kipande, na kila kijichembe ndani ya kipande kinapewa namba: maji ni 0, hewa ni kasoro 1,000, mfupa unapanda mamia hadi maelfu, na gamba gumu la jino linazidi. Namba hizo zinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Mwambie mumeo kwamba hesabu za mwanzo za jambo hili zilianzia Afrika pia: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria akiwa Cape Town, mwaka 1956, alipokuwa akisimamia kazi za fizikia katika hospitali ya Groote Schuur. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Na kuingiza wagugunaji ndani ya mashine hiyo si ulimbukeni wa juzi. Crossley na wenzake waliitumia kwa magego ya chinchila mwaka 1998, na mwaka 2008 Vittorio Capello wa Italia na mwenzake walieleza namna ya kuitumia kwa sungura, simbilisi na chinchila.

Kwa kichwa kidogo kiasi hiki kipande kinapaswa kuwa chembamba, chini ya milimita moja, nusu milimita ndiyo nzuri. Gego lenyewe ni milimita chache tu upana. Ukilikata vipande vya milimita tatu utapata ukungu. Hili liulize kabla ya kulipa. Mashine nyingine zinazotumiwa na madaktari wa meno ya binadamu, zile zinazorusha miale yenye umbo la pia la kuchezea (cone beam), zinatoa picha kali zaidi ya mfupa na jino, ila jipu na nyama laini hazivitofautishi vizuri. Kwa jicho linalotokeza, ningechagua CT ya kawaida na dawa ya kung'arisha yenye aidini ichomwe mshipani: ukuta wa jipu unawaka, usaha wa katikati unabaki mweusi. Mambo ya sumaku, MRI, yaache. Yanachukua muda mrefu na meno hayaonekani vizuri.

Akiisoma picha hiyo, daktari anapaswa kukujibu mambo yenye maana kwako. Mashina ya magego ya juu ya kulia yamefika wapi, na mfupa wa tundu la jicho umetoboka au bado? Kuna mfuko wa usaha, una ukubwa gani? Jino gani hasa ni chanzo, moja au manne? Upande wa kushoto ukoje? Kiungo cha taya je? Na masikio: vyumba vya ndani vya sikio la simbilisi vinapaswa kujaa hewa, vionekane vyeusi; mara nyingi tunavikuta vimejaa uchafu ambao hakuna aliyeushuku. Utaonyeshwa pia fuvu la rangi linalozunguka kwenye kioo cha kompyuta. Linapendeza, binti yako atalipenda, lakini usikubali mtu asome ugonjwa kwa hilo pekee. Kompyuta inapolainisha sura ya mfupa inaweza kuziba tundu lililopo, au kutoboa palipo pazima. Ugonjwa unasomwa kwenye vipande, pande zote tatu.

Kuna kitu CT haikioni, nacho ni kidonda cha ulimi, ufizi uliochanika, ncha nyembamba kama mwiba. Hivyo vinataka jicho, yaani kamera ndogo ya kuingizwa kinywani mnyama akiwa amelala. Kinywa cha simbilisi aliye macho huonyesha sehemu ndogo tu ya matatizo yaliyomo. Kwa hiyo ombi langu kubwa kwenu ni hili: usingizi mmoja, kazi zote. Skani kwanza, haimalizi dakika, kisha kamera, kisha kusaga kinachohitaji kusagwa. Hatari halisi kwa mnyama aliyepoteza karibu asilimia 17 ya uzito wake ni dawa ya usingizi na baridi, si miale ya siku moja. Kuna hospitali zinazompiga skani akiwa ametulizwa kidogo tu ndani ya boksi la plastiki angavu. Kwa skani peke yake inatosha, kwa kamera na kusaga haitoshi. Na mtu asikwambie umnyime chakula usiku kucha kama binadamu. Simbilisi hatapiki, na tumbo likikaa tupu utumbo unasimama. Ila wamsafishe kinywa kabla ya kumlaza, maana huwa anabaki na chakula nyuma ya ulimi.

Sasa, ni lazima? Kwa mwenye udenda tu, mara ya kwanza, bila nundu wala jicho, ningesema hapana: kamera na eksirei tano zinatosha, fedha ibaki mfukoni. Kwa wenu ningesema ndiyo, kwa sharti moja. Kaeni, wewe na mumeo, mjiulize mtafanya nini na jibu. Ikionekana jino moja na jipu dogo, je, mtakubali upasuaji? Kung'oa gego la juu la simbilisi ni kazi ngumu. Jino ni refu, limepinda, na mlango wa kulifikia ni mdogo kuliko kidole. Usaha wao ni mzito kama jibini, hautoki kwa bomba. Inabidi kufungua na kuondoa mfuko mzima, na pengine kuliondoa jicho ili kufika nyuma yake. Wapo wanaopona na kula vizuri. Wapo wasioamka. Kama tangu sasa mnajua upasuaji hamtaufanya, kwa fedha au kwa huruma, basi skani ni picha ya gharama ya kitu msichokusudia kukigusa, na ni bora fedha hiyo iende kwenye dawa za maumivu na chakula. Lakini pia ikionekana magego yote manne yamezama na mfupa umeliwa, mtajua kwamba kumlaza kila baada ya wiki tatu na kumsaga meno ni kumtesa, na mtaweza kumpumzisha milele bila kujiuliza mwaka mzima kama mlikata tamaa mapema. Nimeona familia zikishukuru kwa jibu baya kuliko kwa lile la "tujaribu tena".

Hilo la hospitali. La nyumbani halisubiri skani. Simbilisi aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa dharura, usingoje Jumatatu. Mpime kila siku asubuhi kwa mizani ya jikoni, andika gramu. Anayeokota chakula na kukiacha hajapoteza hamu, anaumia. Kwa hiyo mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari wake, na si paracetamol ya kabatini mwenu. Mwombe daktari unga wa majani wa wagonjwa, ukorogwe na maji ya vuguvugu, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, mililita moja moja, umwache ameze. Vitamini C: mwili wake hauwezi kuitengeneza, kama sisi tu, na ikipungua nyuzi zinazoshika jino mfupani zinalegea. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi akiugua, daktari atakupimia. Pilipili hoho mbichi iliyokatwa nyembamba inasaidia. Matone ya kutia kwenye maji ya kunywa usiyategemee, yanaharibika haraka.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa kichwani mwangu kila ninapojibu Waswahili wenzangu, maana nyumba zetu hazikosi kidonge kilichobaki: usimpe amoksilini. Wala penisilini, wala klindamaisini ya kunywa. Kwa simbilisi dawa hizi zinaua vijidudu vizuri vya utumbo, vibaya vinachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Zipo antibiotiki anazozimudu, daktari wenu anazijua. Hata hizo, peke yake haziponyi jipu la jino.

Ukiwapigia kesho, waulize unene wa vipande, uliza kama watatumia dawa ya kung'arisha, uliza kama kamera na kusaga vitafanyika usingizi huo huo, na uombe upewe mafaili yenyewe ya DICOM, yaani skani nzima kama mashine ilivyoitoa, si picha mbili za kubandika kwenye barua pepe. Mafaili hayo mtaalamu yeyote wa wagugunaji anaweza kuyafungua, wa London au wa Milan. Hata mimi nitumie. Nitaanza na kipande kinachopita katikati ya jicho la kulia.